Nyota Nane

Benchi ni ubao tu, ule uliobaki mafundi walipomaliza kumwaga zege ya nyumba za kupanga, na Ndulu muuza kahawa akaulaza juu ya mawe mawili mbele ya jiko lake, pale njia ya Laiser Hill inapoachana na lami ya barabara ya Magadi. Kuanzia saa tatu asubuhi, Rongai yote ikiwa imeshajipakia kwenda kazini Nairobi, huketi hapo wanaume watatu ambao kwa bei ya kikombe kimoja hupewa pia ruhusa ya kujua kila kitu. Wa kwanza ni Prof, jina lake Hiram, aliyetunza maabara ya shule ya sekondari miaka ishirini na tangu astaafu amekuwa akijipandisha cheo mwenyewe. Wa pili ni Injinia, yaani Musau, fundi wa redio na televisheni, ambaye mwaka jana aliongeza neno KOMPYUTA chini ya kibao cha duka lake kwa rangi iliyokuwa imebaki. Wa tatu ni Waziri, yaani Katoo, mwenye ploti, aliyegombea udiwani mara mbili na kuanguka mara mbili, lakini bado hutembea kama mtu anayefuatwa na walinzi.

Mwalimu Wilkister hakuwa mtu wa benchi. Miaka kumi na moja alikuwa akilipita kwenda shuleni, anasalimia bila kupunguza mwendo, na waliokaa hapo walimwogopa kidogo kwa sababu alikuwa na tabia ya kusahihisha. Alhamisi hiyo ya Aprili 2001, shule zikiwa zimefungwa na njia ikiwa matope matupu, alikuja moja kwa moja na kusimama mbele ya Injinia.

— Musau, iko tayari?

Hapo hakuna aliyemwita Injinia kwa jina lake la kuzaliwa. Mwenyewe alitazama nyuma kana kwamba Musau ni mtu mwingine.

— Keti kwanza, Mwalimu. Ndulu, pimia Mwalimu kahawa.

— Sikuja kunywa.

— Hapa hatuongei na mtu amesimama, akasema Waziri, akijisogeza. Ni kama kotini. Ushahidi unatolewa umekaa.

— Kotini ushahidi hutolewa umesimama, Katoo.

— Hiyo ni ya wazungu. Keti.

Aliketi, ncha ya ubao, mkoba magotini. Siku tatu hakuwa amelala vizuri na miguu ilikubali upesi kuliko yeye.

Shida yake mtaa mzima uliijua. Mtoto wake Melvin alikuwa anasoma India, mwaka wa pili. Jumatatu saa kumi alasiri Wilkister alifungua kompyuta sebuleni, modem ikaimba wimbo wake kwenye waya wa simu, na imeili moja ikaingia. Ilitoka kwa Melvin, lakini hakuwa ameiandika Melvin. Aliiandika Musila, Mkenya wanayelala naye chumba kimoja, akitumia imeili ya mwenzake. Melvin amelazwa, tumbo, hawezi kuongea. Madaktari wanataka kumpasua na wanataka ruhusa ya mzazi kwa maandishi. Jibuni leo. Wilkister hakumwita hata mumewe. Aliandika maneno matatu, *Ndiyo. Apasuliwe. Mama*, akabonyeza, na wakati ule ule, huku nje mvua ikigonga mabati, modem ikakohoa na laini ikakatika. Kioo kilikuwa kimeandika *Inatuma*. Halafu kikaandika kwamba hakuna mawasiliano.

Ilienda au haikuenda? Hilo ndilo lilimtoa nyumbani. Ouma, mumewe, alikuwa ameomba ruhusa kazini, na sasa alikaa karibu na simu ya mezani, akiinua mkono wa simu kila baada ya dakika tano kusikiliza, akiurudisha polepole kama mtu anayefunika mgonjwa.

— Nimekuuliza, Musau. Iko tayari?

— Iko karibu. Lakini lazima uelewe imekuwa na nini. Hii si kitu ya kuambia mtu na haraka.

— Nitamwambia mimi, akasema Prof. Ni radi. Ile mvua ya Jumatatu ilikuwa na radi kavu. Radi kavu inaingia kwa nguzo, inafuata waya, ikifika kwa modem inapoa. Ikishapoa haitoki.

— Modem haina neno, akasema Injinia. Nimeilamba.

— Umefanya nini?

— Nimeilamba, Mwalimu. Modem ikikufa inakuwa na ladha ya betri. Yako ni tamu kabisa.

Wilkister alimtazama mtu huyu ambaye tangu jana jioni alikuwa na kompyuta yake dukani, kati ya redio zilizotolewa matumbo, na kwa mara ya kwanza akahisi baridi isiyokuwa ya Aprili.

— Simu yenyewe imekufa, alisema. Nimesema tangu Jumanne. Ukiinua, hakuna mlio. Nimeenda ofisi ya simu wakaniandika kwenye orodha. Waya umekufa mahali, na intaneti inapita kwa waya huo. Si basi?

Prof akacheka kwa huruma, ile ya maabara, ya kumwona mwanafunzi akimimina kimiminika kwenye chupa isiyo yake.

— Mlio ni sauti, Mwalimu. Intaneti haina sauti. Usichanganye vitu viwili.

— Lakini waya ni ule ule.

— Waya ni ule ule lakini njia ni tofauti. Ni kama hii lami ya Magadi. Gari inapita, punda anapita.

— Na lami ikibebwa na mafuriko, punda anapitia wapi?

Prof akanywa kahawa. Ndulu, aliyekuwa akipepea makaa, alitabasamu bila kuinua kichwa.

— Nyinyi mnaongea waya, akasema Waziri, hamjui juu kuna nini. Hii kitu imefungwa. Kuna wakubwa hawataki watu wa huku wapate imeili. Mwaka ujao ni wa kura. Mimi nimeambiwa na mtu, sitamtaja, anakaa na mtu anayewasha hiyo mtambo asubuhi.

— Anayewasha asubuhi? Kwani huzimwa?

— Usiku wote inazimwa, Prof. Ama unadhani inalala ikiwaka, ile stima yote?

— Setilaiti haizimwi. Inainama. Mvua ikiwa nzito inainama upande wa Tanzania, ndiyo unaona wao wako na intaneti na sisi hatuna.

— Na nani amekuambia Tanzania wako nayo?

— Si ndiyo imeinama huko!

Wakacheka. Hata Injinia alicheka, akiwa na nafuu ya mtu ambaye swali limempita. Wilkister hakucheka. Jumanne, Jumatano, leo. Alikuwa akihesabu tumbo la mtoto kwa siku, na hawa walikuwa wakihesabu setilaiti.

Prof alipopata pumzi akamgeukia tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililofanya iwe mbaya zaidi.

— Kuna kitu kingine sikutaka kusema, Mwalimu. Saa za India. Wako mbele yetu. Wewe unaandika Jumatatu alasiri, kwao imeshakuwa usiku. Ujumbe ukichelewa kidogo njiani unafika Jumanne ukiwa umeandikwa Jumatatu. Kompyuta yao inaangalia tarehe, inaona ni barua ya jana. Inaitupa.

Ilikuwa upuuzi. Wilkister alijua ni upuuzi. Alikuwa amefundisha longitudo kwa miaka. Hata hivyo kwa muda mfupi aliona maneno yake matatu yakifika mahali penye taa nyeupe, na mtu akisoma tarehe na kutikisa kichwa.

— Acha, Hiram, alisema.

— Naeleza tu sayansi.

— Acha.

Ndulu akamwekea kikombe mkononi bila kuuliza tena, na safari hii alikishika.

— Si ungeenda saiba, Mwalimu? akauliza Ndulu. Ile ya kompyuta za kulipia, hapo stendi. Naona vijana wanaingia.

— Nilienda Jumanne.

— Wakasemaje?

Wilkister akapuliza kahawa. Lilikuwa jambo ambalo hakuwa amemwambia hata Ouma. Lakini uchovu hufungua mdomo vibaya kuliko pombe, na alikuwa amechoka.

— Kompyuta ya nyumbani haikuwahi kuniuliza paswadi, alisema. Melvin aliiweka Disemba alipokuja likizo, ikakaa. Nikiwasha naikuta imeshaandikwa pale kwa kidirisha. Nyota nane. Basi nikachukua kalamu nikazinakili, nikazihesabu mara mbili, nikaenda nazo saiba. Msichana wa pale, Sheryl, akanifungulia. Nikaandika nyota nane. Ikakataa. Nikafikiri nimekosea, nikaandika tena polepole.

Kisha Waziri akaanza kutikisika mabega, akajizuia, akashindwa.

— Nyota, Mwalimu? Kama za polisi?

— Usimcheke, akasema Prof haraka. Mimi najua tatizo. Nyota za nyumbani si nyota za saiba. Kila mashine na nyota zake. Angechukua zake akazipeleka kwa disketi, zingekubali.

— Zingekubali, akakazia Injinia. Mimi niko na disketi ya hiyo kazi.

Ndulu aliacha kupepea.

— Si ni kama ile kadi ya simu ya kukwangua? alisema. Ile rangi ya juu. Namba iko chini yake. Sasa nyota si paswadi, nyota ni rangi.

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu muuza kahawa hakuwa na cheo pale. Lakini Wilkister aligeuka, akamtazama. Sheryl alikuwa amejaribu kumwambia jambo hilo hilo Jumanne, kwa haraka, kwa Sheng, foleni ikiwa nyuma yao, na yeye Mwalimu akalisikia kama utovu wa adabu. Nyota ni kifuniko. Kilichokuwa chini kilijulikana na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amelazwa na hawezi kuongea.

— Aliniuliza pia kama ananifungulia imeili mpya, akasema, sasa akiongea na Ndulu peke yake. Nikamwambia fungua. Akauliza, tunatuma kwa nani? Nikasema kwa Melvin Ouma. Akasema, hiyo ni jina, nataka anwani. Sikuwa nayo. Nyumbani nabonyeza tu jina lake.

— Na simu yake?

— Hana. Hupiga yeye, Jumapili, kutoka kibanda cha huko. Hupiga ile ile ya mezani.

— Yenye imekufa.

— Hiyo.

Ndulu akashusha pumzi kupitia puani, akarudi kwa makaa yake. Wilkister akaweka kikombe chini na kumgeukia fundi.

— Ndiyo maana nimekuja, Musau. Sitaki intaneti. Intaneti itakuja siku itakayotaka. Nirudishie mashine hivyo ilivyo, bila waya, bila chochote. Jana usiku, ikiwa imeshaletwa kwako, ndipo nilipokumbuka Melvin alivyonionyesha: barua zake zote ziko ndani. Anwani iko ndani. Na ile yangu ya Jumatatu iko ndani. Kompyuta huandika: iliyoenda inakaa upande huu, ambayo haikuenda inakaa upande ule. Nikijua haikuenda, nachukua anwani nakimbia saiba sasa hivi. Nikijua ilienda, nitakaa na Ouma tungoje. Nataka kujua tu.

Injinia akajikuna shingoni.

— Mashine iko sawa, Mwalimu. Iko safi. Hata ukiiwasha utashtuka, inawaka kama imetoka dukani leo.

— Safi vipi?

— Ilikuwa na virusi. Nyingi. Nimetoa zote.

— Barua ziko?

— Barua gani?

— Musau.

— Unajua, virusi hujificha kwa barua. Ndiyo makao yao.

— Ni kama kuogesha ng'ombe dawa ya kupe, akasaidia Waziri. Huwezi kuogesha upande mmoja.

— Sikuongea na wewe, Katoo. Musau, barua za mtoto wangu umezifanya nini?

— Nimefomati, akasema Injinia.

Alilisema kwa sauti ndogo, na kwa jinsi lilivyotoka, Wilkister akajua kwamba hata yeye alikuwa ameanza kulielewa wakati ule ule lilipompita mdomoni.

— Nini maana yake?

Injinia akamtazama Prof. Prof, ambaye asubuhi nzima hakuwa ameachia swali lipite bila kuliwekea jibu, aligeuza kikombe chake mara mbili kwenye kiganja.

— Ni kama kufuta ubao, Mwalimu, alisema.

Kati ya watu wote wa Rongai, yeye ndiye aliyeambiwa hivyo. Miaka ishirini na miwili alikuwa akifuta ubao kila siku, mara nyingine kengele ikiwa inalia, na hakukumbuka ni mara ngapi aligeuka kwanza kuuliza kama kuna mtu ambaye hajamaliza kunakili.

— Zote?

— Mzee Ouma aliniambia, fanya yote unaweza. Injinia alikuwa amesimama sasa. Mimi nikafanya yote. Walahi, Mwalimu, mimi nilidhani ni intaneti ndio mnataka. Hakuna mtu aliniambia kuna barua.

— Hukuuliza.

— Sikuuliza.

Pikipiki ilipita ikirusha matope. Hakuna aliyesogeza miguu. Wilkister alishangaa kwamba hakuwa na hasira. Hasira ingehitaji nguvu, na nguvu alikuwa ameziacha kwenye kidirisha cha nyota nane. Alichokiona ni kwamba hata swali lake lilikuwa limechukuliwa. Hakungekuwa tena na upande huu na upande ule. Maneno yake matatu yalikuwa yameenda au hayakuenda, na sasa hakukuwa mahali popote duniani pa kutazama.

Waziri ndiye aliyeongea kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke kura ya pili hakuonekana kufuatwa na walinzi.

— Mimi naenda Nairobi, alisema. Leo. Najua mtu ubalozi wa India, huyo namjua kweli, alinunua ploti kwangu. Nitakaa hapo mpaka anisikize. Wapigie hospitali huko, waulizie mtoto.

— Nakupeleka mpaka stendi, akasema Injinia.

— Wewe kaa hapo, akasema Waziri.

Gari la maziwa lilisimama ukingoni mwa lami, na mwanamke mmoja akashuka kwa uangalifu na mtungi wa alumini kichwani. Hawakuwa wamemwona hapo kabla. Alikuwa kijana, shuka lake limelowa upindo, na alimwendea Ndulu.

— Mimi ni Nalangu, mke wa Gideon wa Oltepesi. Mama mkwe ana homa, amesema nilete maziwa mimi. Ni wewe Ndulu?

— Ndiye mimi.

— Takwenya, akasema Waziri, akimsalimia kwa Kimaasai.

— Iko, akajibu. Halafu akawatazama, mmoja mmoja, wanaume watatu wasioongea na mwanamke mmoja aliyeshika mkoba kama mtu aliye kwenye meli. Akauliza, kuna msiba hapa?

— Bado, akasema Wilkister.

Lilikuwa jibu baya, na Nalangu akalipokea kwa kuketi. Aliketi pale pale Injinia alipotoka, bega kwa bega na Wilkister, na Ndulu akamweleza kwa maneno machache: mtoto wa Mwalimu, India, tumbo, hakuna habari tangu Jumatatu.

— Pole, mama. Mimi nitamwombea. Jumapili kanisani kwetu tunataja wagonjwa. Mchungaji anaandika kwa karatasi, jina na mahali, ndio watu wote waombe wakijua wanaombea wapi. Anaitwa nani?

— Melvin. Melvin Ouma.

— Melvin. Na yuko wapi?

— India.

— India ni mji?

— Ni nchi. Kubwa kuliko Kenya mara nyingi.

— Sawa, akasema Nalangu, akitikisa kichwa, akingoja. Na huko, yuko wapi?

Waziri akatoa kalamu mfukoni. Alikuwa hajafikiria kwamba na yeye angeulizwa hivyo hivyo ubalozini, kabla hata ya kuambiwa keti. Aliishika juu ya pakiti yake ya sigara, akamtazama Wilkister.

Wilkister akafungua mdomo. Kulikuwa na Pune. Barua za mwaka wa kwanza zilitoka Pune, zile za karatasi ya bluu inayojikunja yenyewe kuwa bahasha, na juu kulia Melvin alikuwa akiandika anwani yake kamili, mstari chini ya mstari, koma mahali pake, kwa sababu mamake alikuwa mwalimu. Lakini chuo cha Pune kilifungwa. Februari Melvin alihamia mji mwingine. Aliandika jina la mji huo, refu, lenye V mwanzoni, au B. Aliandika hata mtaa, na jina la mwenye nyumba. Wilkister aliisoma imeili hiyo mara mbili, akamsomea Ouma, wakacheka jinsi jina lilivyowashinda ulimi. Hakulinakili popote. Kwa nini anakili kitu kilichomo ndani ya kompyuta?

Dereva akapiga honi. Nalangu hakusogea. Prof alikuwa akitazama ndani ya kikombe kitupu. Kalamu ya Waziri ilikuwa bado hewani.

— Imeandikwa, akasema Wilkister.

Akasikia kosa lake, kama ambavyo angelisikia kwa mtoto wa darasa la nne, na akalisahihisha.

— Iliandikwa.